Mabenchi ya Gulwe Hayakauki

Kidole changu cha shahada kilikuwa chekundu tangu Jumatatu. Kila nilipopita karibu na benchi niligusa, na kila nilipogusa nilinata. Sisemi kule kunata kwa rangi iliyo njiani kukauka, inayokushika kidogo kisha ikakuachia. Hii ilinata kama sahani iliyoliwa asali, na haikuonyesha nia yoyote ya kuacha.

"Hebu acha kugusa, dada," Zipora aliniambia. Zipora ni mke wa Mwinjilisti Nathanaeli, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu pale Gulwe. "Kila benchi lina alama ya kidole chako. Waumini watadhani ni pambo."

"Nisipogusa nitajuaje kama limekauka?"

"Utajua Jumapili watakapokaa."

Jumapili ndiyo siku ya kufungua kanisa jipya, lile jengo la matofali nyuma ya stesheni, na mabenchi yake yote niliyapaka mimi kwa mkono wangu. Mtoto wa Kiislamu wa Dodoma mjini, niliyelelewa madrasa, nimelala nyumbani kwa mwinjilisti nikilinda mabenchi ya kanisa! Watu wa mtaani kwetu walinitania mpaka wakachoka wenyewe. Lakini mimi sikuwa Gulwe kwa ajili ya kanisa. Nilikuwa Gulwe kwa ajili ya ufunguo.

Ufunguo wenyewe ni wa karakana yetu ya Kizota, kule kwetu Dodoma. Marehemu baba yetu, mzee Harithi, alikuwa fundi rangi. Ile miaka ya uhaba, rangi ya dukani ilikuwa haionekani hata ukiwa na kibali, na watu walikuwa wanapaka milango yao chokaa na majivu. Baba hakukubali. Alijaribu mafuta ya kila mbegu iliyopita Dodoma, mpaka akaangukia soya zilizokuja kwa lori kutoka Songea. Alizikamua, akayachemsha mafuta yake kutwa nzima pamoja na unga mweusi wa ndani ya betri za tochi zilizokufa, unaoyasaidia kukauka, akachanganya na udongo mwekundu wa mlimani uliosagwa ukawa laini kama poda. Ikatoka rangi. Ilikuwa inachelewa kukauka, lakini ikishakauka, jua la Dodoma lilikuwa linaipiga mwaka baada ya mwaka na haibanduki. Makapi ya soya aliyafanya gundi ya mbao. Alitaka pia kutengeneza grisi ya mikokoteni na sabuni, kifo kikamkatiza.

"Petroli ikichimbwa imechimbwa," alikuwa akiniambia huku anakoroga sufuria. "Soya nikivuna leo, msimu ujao napanda tena. Sasa hao wa petroli watapanda nini?" Kisha anacheka peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia mwiko, na sidhani kama kuna kitu duniani nilichokipenda kuliko ile harufu.

Halafu ikaja ruksa. Mipaka ikafunguka, maduka yakajaa, na kaka yangu Abdulnasiri akawa mtu wa Dubai. Alileta makopo ya rangi yenye picha ya nyumba nzuri na maji ya bluu, rangi inayonuka petroli mpaka machozi yanakutoka, lakini lazima niseme kweli, inakauka kabla hujamaliza kuosha brashi. Baba alipofariki, kaka alitaka karakana iwe stoo na duka la makopo hayo. Mimi nilitaka iendelee kuwa karakana. Tuligombana arobaini ya baba ilipokuwa bado mbichi, na mama yetu, Bi Jaha, ambaye ndiye mwenye mali, alikuwa anapepeta mchele wake tu.

Siku moja akaweka ungo chini.

"Zuleha, si umepata kazi ya mabenchi ya Gulwe?"

"Nimepata, mama."

"Basi kapake. Siku ya kufungua kanisa nitakuja mwenyewe. Watu wakikaa wakainuka safi, ufunguo ni wako. Wakiinuka wachafu, ni wa kaka yako. Na sitaki kusikia kelele tena ndani ya nyumba hii."

Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la khanga yake. Aliugonga kwa kidole, akaendelea kupepeta.

Sasa mnaelewa kwa nini sikuwa nakaa. Sikuweza kukaa. Nilikuwa natoka kanisani naenda stesheni, natoka stesheni narudi kanisani, nafungua madirisha ili upepo uingie, nayafunga kwa sababu upepo unaleta vumbi, nayafungua tena. Mwinjilisti Nathanaeli, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alinikuta nimepiga magoti kati ya mabenchi nanusa rangi, naye akadhani nimeokoka. Nilipomwambia sisali, nakagua rangi, alisikitika kidogo. Tena hata kunusa kwenyewe kulikuwa bure, maana nilikuwa na mafua mazito tangu siku ya kuchemsha mafuta. Baridi ya Julai ya Dodoma na vumbi lake vilikuwa vimeniziba pua zote mbili.

Kichwa changu kilikuwa kinafanya kesi. Mshitakiwa wa kwanza alikuwa unga wa betri. Labda betri zilikuwa zimelowa. Lakini nilizipasua mwenyewe na unga ulikuwa mkavu. Wa pili alikuwa mashine ya kukamulia, maana wenye mashine wanakamulia alizeti pia. Lakini niliiosha, na mafuta ya kwanza kutoka nilimwaga. Wa tatu alikuwa udongo. Udongo ni uleule wa baba, kutoka mlima uleule. Kule Kizota nilikuwa nimeacha kibao nilichokipaka mwezi uliotangulia, kwa mafuta ya mkamuo wa kabla ya huu, na kibao kile kilikuwa kigumu kama kigae. Kwa hiyo rangi yangu inakauka. Hii tu ndiyo haikauki. Kwa nini? Nilikuwa najiuliza kwa sauti, na watoto wa Gulwe wakaanza kunipisha njiani.

Ijumaa asubuhi Zipora alikuja kufagia. Alisimama katikati ya kanisa, akaegemea ufagio, akavuta pumzi ndefu.

"Mbukwa, dada," alinisalimu kwa Kigogo. "Hivi hii rangi yako unaiweka nini? Mimi kila nikiingia humu njaa inaniuma."

"Njaa ya nini?"

"Kunanukia karanga kanisani kote. Karanga za kukaanga. Jana mume wangu anafanya mazoezi ya mahubiri yake hapa, mimi nawaza karanga tu."

Nilimtazama. Kisha nililikimbilia benchi lililo karibu, nikapenga kamasi kwenye leso bila aibu, nikaweka pua juu ya mbao. Mafua yalikuwa yameanza kulegea. Ilikuja polepole, kwa mbali, lakini ilikuja. Karanga.

Mafuta ya karanga hayakauki. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha jambo lingine lolote. Ukipaka karanga ukutani leo, wajukuu zako watakuja kunatia hapo. Nayo nyumbani kwetu huyatumia mtu mmoja tu, anayenunua chupa zake kwa mama mmoja wa Mpwapwa na kuapa kwamba mafuta mengine yote ni ya mashine, si ya watu.

Nikataka kukaa, nikakumbuka siwezi kukaa.

Nilikumbuka kila kitu kwa pamoja. Juma la kuchemsha lilikuwa na hitima ya baba. Mama alikaanga maandazi ya wageni, na wageni walikuwa wengi kuliko alivyotazamia. Madumu yangu mawili ya mafuta ya soya, kubwa na dogo, yalikuwa uani chini ya dirisha la jikoni. Lile kubwa niliacha mafuta yakiwa chini ya mshikio wake. Nilipokuja kulichukua lilikuwa limejaa mpaka kwenye kifuniko. Nililiona, wallahi nililiona, nikafikiri tu kwamba kumbukumbu yangu ni mbaya.

Inabidi umjue mama yangu ili uelewe. Kwa mama huazimi ungo ukaurudisha mtupu. Unaweka hata ndizi mbili. Ukichota kikombe cha sukari kwa jirani unarudisha kikombe na nundu juu yake. Alichota mafuta yangu kwa sababu wageni wa mume wake walikuwa wanasubiri, na kesho yake akarudisha zaidi ya alichochota, tena akarudisha yaliyo bora, yale ya Mpwapwa, anayojinyima mwenyewe. Hakuniambia kwa sababu kwake hapakuwa na la kuambia. Mtu akirudisha na ziada, deni liko wapi?

"Umepata jibu?" Zipora aliuliza.

"Nimepata."

"Basi mbona unalia?"

Nilikuwa nalia kwa hasira, na kibaya zaidi sikuwa na wa kumkasirikia. Nilizunguka kanisa lote nikipiga kuta kwa kiganja. Ningemwambia nini mama? Na ningesema mbele ya nani? Abdulnasiri alikuwa amekwisha anza ule wimbo wake, kwamba mama amezeeka, mama hajui tena anachofanya, mama atie sahihi tu kila kitu kiwe mikononi mwake apumzike. Ningempa kaka habari kwamba mama ndiye aliyeharibu jaribio alilolipanga mwenyewe? Angeitangaza msikitini, sokoni na kwa wajomba. Hapana. Niliapa palepale, kati ya mabenchi yanayonukia karanga, kwamba neno hilo halitatoka mdomoni mwangu.

Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na huwezi kuwakalisha waumini kwenye gundi. Nilimweleza Mwinjilisti kwamba rangi imeharibika na lazima itoke. Hakuniuliza mengi. Aligonga kengele, na wanawake wa kanisa wakaja na majivu, mchanga na ndoo. Maji ya majivu makali yakikutana na mafuta yanakuwa sabuni, kila mwanamke aliyewahi kuosha sufuria anajua hilo. Tulisugua kutwa nzima. Rangi yangu ilitoka kwa povu jekundu, ikatiririka mpaka nje ya mlango, na wanawake wakafua vitambaa vyao vya kufutia humohumo, wakicheka kwamba angalau imefaa kwa kitu. Bibi mmoja mzee, mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, alijitazama akasema kwamba enzi zake wangempaka hivyohivyo kwenda ngomani, mafuta na udongo mwekundu, ila sasa ndani ya kanisa akaombe radhi kwa nani. Walicheka zaidi. Mimi nilisugua tu. Nilisugua ufunguo wangu ukaenda zake na povu.

Jumapili walikaa kwenye mbao tupu, zenye unyevu bado, na waliinuka safi. Lakini hapakuwa na rangi ya kuwachafua.

Mama alikuja na pikapu ya kaka. Walisubiri nje mpaka ibada ikaisha, kisha wakaingia, mama ameshikilia mkono wa Abdulnasiri, akipapasa benchi la kwanza, la pili, la tatu.

"Rangi iko wapi?" akauliza.

"Shikamoo, mama. Haikukauka. Nimeitoa."

"Kwa nini haikukauka?"

Abdulnasiri alikuwa ananitazama. Sitaki kumsingizia, hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri mvua ambayo ameshaisikia kwenye mabati ya jirani.

"Sijui, mama," nilisema.

"Hujui?"

"Sijui."

Mama alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa ananiombea niseme kitu, chochote, hata uongo mzuri. Nilitazama sakafu. Basi akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akampa kaka bila kumwangalia usoni. Mama akisema neno amesema. Njiani kurudi Dodoma nilikaa nyuma ya pikapu, vumbi likinipiga, na sikujifunika. Nilikuwa na uchungu, na bado nilijiona shujaa. Nimemsitiri mama yangu. Nilijirudia hilo kila korongo tulilovuka.

Juma lililofuata kaka alihamisha makopo yake. Nilipita Kizota mara moja tu, nikaona mlango uko wazi na sufuria ya baba imekaa nje kwenye jua, imepinduliwa, kuku wamesimama juu yake. Sikuingia.

Kisha kuli mmoja wa stesheni akaniletea salamu kutoka Gulwe. Zipora alisema kwamba Mwinjilisti ametoa ruhusa: benchi moja tu, la nyuma kabisa, nijaribu tena. Likikauka, watanipa yaliyobaki. Nilirukaruka uani kama mwendawazimu. Kuchemsha naweza kuchemshia popote, hata kwa mawe matatu nyuma ya choo. Udongo ninao. Betri nitaokota. Na mafuta safi ninayo: lile dumu dogo chini ya dirisha, la mkamuo uleule, ambalo halikufunguliwa siku ya hitima. Nalo lilikuwa na mafuta nusu tu, yakitosha benchi moja barabara. Pesa ya kukamua mengine sikuwa nayo, na lori la Songea lisingekuja tena mpaka baada ya mavuno yajayo.

Nilikwenda kulichukua. Nililinyanyua kwa mkono mmoja kama ninavyolinyanyua siku zote, nalo likagoma. Nililiweka chini. Nikafungua kifuniko. Mafuta yalinijia mpaka mdomoni pa dumu, yanang'aa, yananukia vizuri sana.

"Nimekujazia," mama alisema nyuma yangu.

Alikuwa amekaa mkekani, chai mbele yake, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Gulwe. "Nilikuona umenyong'onyea juma zima. Nikasema, mwanangu ana kidumu nusu, atafanyia nini nusu? Nikamwita yule mama wa Mpwapwa. Ya karanga matupu hayo, Zuleha. Mazuri kuliko yale yako."

Nilisimama pale na kifuniko mkononi. Kwanza nilitaka kucheka, na kicheko kilitoka, lakini kilitoka vibaya, na mama akaweka kikombe chini.

"Nini?"

Kiapo changu cha Gulwe kilikuwa bado kipo. Ningeweza kusema ahsante mama, nikayakaangia mihogo mwaka mzima. Ndivyo nilivyotaka kufanya. Lakini niliona wazi kwamba ataendelea kunijazia. Kila nitakapoanza upya, kwa mapenzi yake yote, atakuja nyuma yangu na chupa.

Nikakaa mkekani. Ndiyo, nilikaa. Nikamweleza: mafuta yapi yanakauka na yapi hayakauki, dumu kubwa lilivyojaa, maandazi ya hitima, Zipora na njaa yake. Nilisema taratibu nikitazama khanga yake, pale kwenye pindo ambapo sasa hapakuwa na kitu.

Mama hakunikatiza. Nilipomaliza, ngozi ya maziwa ilikuwa imetanda juu ya chai yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa, kabla ya ufunguzi."

"Kwa hiyo nilipokuuliza kanisani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukasema hujui. Mbele yangu na mbele ya kaka yako."

"Ungeona haya, mama. Na yeye angesema umezeeka, hujui unachofanya."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikirudi na gauni limechanika, hasira na huruma haviachiani nafasi.

"Haya hizo ni zangu, Zuleha," akasema. "Ningeziona mwenyewe, na zingeniisha. Ufunguo ulikuwa wako."

Alijishika goti, akainuka, akatoa baibui lake kwenye msumari wa mlango. Alilivaa huku anatembea, mkono mmoja bado haujapata njia yake.

"Mama, unakwenda wapi? Chai yako!"

"Kizota. Nina neno la kumwambia kaka yako, na nataka walioko hapo dukani kwake walisikie pia."

Nilitafuta ndala zangu, nikapata moja, nikaiacha, nikatoka peku. Alikuwa ameshavuka reli nilipomfikia, na hakupunguza mwendo.